Sanduku Moja, Vitu Sita: Uhakiki wa Kijitabu cha Ufundi wa Magari

Miongoni mwa barua zitufikiazo kutoka mikoani, zenye manufaa zaidi aghalabu si zile ziulizazo tafsiri ya neno moja, bali zile ziletazo malalamiko. Mwezi Mei, 2023, tulipokea bahasha nene kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha kurasa kumi na mbili kilichochapwa kwa Kiswahili, chenye madoa ya grisi na ukingo mmoja ulioungua. Aliyekituma ni mwalimu mstaafu, na barua yake ilikuwa ya mistari minne tu: alituomba tumweleze ni sentensi ipi katika kijitabu kile iliyomchomea gari.

Si kila siku watu wa istilahi huulizwa swali la namna hiyo. Tumezoea kuulizwa ikiwa neno fulani ni sanifu, au kama lipo neno jingine lililo bora kuliko hilo. Safari hii tuliulizwa juu ya moshi. Tulikisoma kijitabu mara mbili mezani, tukaandika mashaka yetu pembeni, kisha mwezi Julai tukapata nafasi ya kufika Tukuyu wenyewe, maana tulihisi kwamba swali la mwalimu lisingejibika bila ya kuliona gari na kumsikiliza fundi.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, aina iliyotengenezwa nchini Japani tangu mwaka 1969 hadi 1973, yenye viti viwili, injini ya silinda sita na ujazo wa lita 2.4. Wasomaji wenye umri watalikumbuka. Ndilo lililoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, siku zile ambazo mashindano hayo yalikuwa bado yakibeba jina la Afrika Mashariki nzima. Mwalimu alikuwa kijana wakati huo. Gari alilipata uzeeni, likiwa zima kwa injini lakini limechakaa ndani: dashibodi imepasuka kwa jua, na mahali pa kuwekea vitu pameoza kwa unyevu. Kwa unyevu, Tukuyu haina mshindani mwepesi. Mji huo, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, umekaa chini ya mlima Rungwe, na ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kupita zote hapa nchini. Kitu cha karatasi hakidumu huko. Kwa hiyo mwalimu aliagiza vifaa vipya vya ndani, na pamoja navyo kikaja kijitabu hiki ambacho leo tunakihakiki.

Tuanze na jalada. Kijitabu kinaitwa 'Kupandisha Daraja Sehemu ya Ndani na Vipuri vya Gari la Michezo la Zamani'. Jina hili lina makosa matatu kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Mtumishi wa serikali anajua maana ya kupandishwa daraja, na mwalimu anajua zaidi, hasa yule aliyelisubiri daraja hilo kwa miaka. Kusikia kwamba viti vya gari vimepandishwa daraja kabla yake ni jambo la kumtia uchungu. (Na Rungwe ina daraja lake mashuhuri, Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto Kiwira, mtoto mmoja aliyesoma jalada mbele yetu alifikiri habari ni za hilo.) Neno la kawaida, 'kuboresha', lingetosha. 'Vipuri' nalo si mahali pake: kipuri huchukua nafasi ya kitu kilichoharibika, ilhali kijitabu kinazungumzia vitu vinavyoongezwa, ambavyo ni 'vifaa vya nyongeza' au, kwa lugha ya mtaani, 'vikorombwezo'. Tofauti hii si ya kupuuzwa na mtu ajazaye fomu za forodha pale Kasumulu au za bima mahali popote.

Ama 'gari la michezo', hilo wilayani Rungwe ni lori au basi lipelekalo watoto wa shule kwenye mashindano ya UMITASHUMTA. 'Gari la mbio' lingekaribia, lakini gari la mbio ni lile lililotengenezwa kwa ajili ya kushindana, na wenye magari ya aina ya mwalimu wengi wao hawashindani na mtu. Fundi husema 'spoti', na mwenye gari husema 'spoti'. Sisi hatuoni sababu ya kulikataa. Tutarudi kwenye jambo hili la maneno ya mkopo, kwa kuwa ndiko uliko ugomvi wetu mkubwa na mfasiri.

Tunapofungua kurasa za ndani, kitu cha kwanza kinachotajwa ni 'sanduku la glavu'. Msomaji asiyejua gari atashangaa, na ajuaye gari atacheka. Ni kile kichumba kidogo chenye kifuniko kilicho mbele ya abiria, ambamo Mtanzania huweka kadi ya gari, stakabadhi za bima, tochi na kitambaa cha kufutia kioo. Waingereza walikiita kwa jina la glavu kwa sababu waendeshaji wao wa mwanzo waliendesha magari ya wazi katika baridi, wakavaa glavu, na walipozivua walihitaji pa kuziweka. Glavu zimekwisha, jina limebaki. Kwao hilo si tatizo, kwa kuwa hakuna anayesikia tena glavu ndani ya jina lile. Kwetu ni tatizo, kwa sababu mfasiri amelifufua lililokufa. Tukuyu kuna baridi ya kutosha kumvalisha mtu sweta mwezi wa Julai mchana kweupe, lakini katika magari yote tuliyoyachungulia hatukuona glavu hata moja.

Linganisha na neno 'dashibodi'. Asili yake ni ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili kuzuia matope yaliyorushwa na kwato. Maana hiyo nayo imekufa. Lakini sisi tulilichukua neno zima zima, kwa sauti yake, bila kulifasiri. Na kwa hiyo halikutuletea matope wala farasi. Hakuna fundi wa Kitanzania aliyewahi kupotezwa na neno 'dashibodi'. Hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu wadhanio kwamba kufasiri sehemu za neno daima ni uzalendo na kukopa daima ni uvivu. Neno la mkopo ni bubu. Halisemi chochote mpaka tulifundishe. Tafsiri sisisi si bubu. Inasema, na mara nyingi inasema uongo.

Lau kosa la mfasiri lingeishia kwenye glavu, tungelicheka tukaliacha. Lakini kosa lililo kubwa zaidi liko katika neno la kwanza la istilahi ile, yaani 'sanduku'. Tulichukua kalamu nyekundu tukalipigia mstari kila lilipotokea. Kichumba cha mbele ya abiria ni 'sanduku la glavu'. Kile kifuniko kirefu cha plastiki kinacholala katikati ya viti viwili, ambapo mkono wa gia hutokeza, ni 'sanduku la gia'. Mahali pa fyuzi ni 'sanduku la fyuzi'. Vile vyumba viwili vyenye vifuniko nyuma ya viti, ambamo magari ya mwanzo ya aina hii yaliwekewa vifaa vya kufungulia magurudumu, ni 'masanduku ya zana'. Giaboksi yenyewe, iliyo chini ya sakafu, ni 'sanduku la gia' vile vile. Na boksi la karatasi lililoletea vifaa kutoka ng'ambo nalo ni 'sanduku'. Vitu sita, neno moja. Na mara nyingi mfasiri, kwa kuchoka, ameandika 'sanduku' peke yake bila ya kusema la nini.

Sasa tufike kwenye moshi. Hatua ya kwanza ya ukurasa wa saba inasema: 'Tenganisha kituo hasi kabla ya kuanza kazi.' Hatua ya nne ya ukurasa huo huo inasema: 'Hakikisha skrubu ndefu haigusi sanduku.'

Tulimkuta fundi karakanani kwake, mtaa wa nyuma ya stendi, kijana mwenye mikono ya ustadi na aliyesoma vizuri. Mwalimu, ambaye tulimwamkia shikamoo naye akatuitikia 'Marahaba, wanangu', alikaa juu ya tairi kuukuu akitusikiliza kama anayesimamia mtihani. Tulimwomba fundi atueleze alivyoielewa hatua ya kwanza.

'Jamani,' akasema, 'mimi nilikitafuta kituo. Kituo ni cha mabasi, kituo ni cha polisi, kituo ni cha afya. Gari halina kituo. Nikasema, labda wanataka nizime. Nikazima, nikatoa ufunguo, nikampa Mwalimu.'

Huyu si mtu mzembe. Alisoma, alitafuta, na aliposhindwa alichagua jambo la tahadhari. Lakini kuzima gari si kutenga betri. Katika gari hili, kama katika mengi, bodi ya chuma yenyewe imeunganishwa na upande wa hasi wa betri. Waya wowote wenye umeme ukigusa bodi, mzunguko umekamilika. Na ufunguo ukiwa umezimwa, zipo nyaya zinazobaki na umeme wakati wote. Uondoapo waya wa hasi kwenye betri, mzunguko umekatika, na skrubu ikipotea njia haileti madhara makubwa. Hiyo ndiyo kazi ya sentensi ile. Imetiwa katika kijitabu kwa ajili ya siku ambayo fundi atakosea.

Na fundi alikosea, kwa kusukumwa na sentensi ya pili. Alipofika kwenye skrubu ndefu isiyotakiwa kugusa 'sanduku', alijiuliza ni sanduku lipi. Ukurasa mzima ulikuwa ukizungumzia 'sanduku la gia', naye kwa fundi yeyote wa Tanzania hiyo ni giaboksi. Akaona maneno yana maana: skrubu ndefu inaweza kuteremka ikafika chini. Akaisogeza mbali na mkono wa gia, kwa uangalifu, akaipima kwa kidole. Huko alikoisogeza ndiko zilikokuwa fyuzi, kwa kuwa katika gari hili fyuzi hazikai chini ya usukani wala chini ya boneti. Zimo humo humo katikati ya viti. Skrubu ikatoboa waya mnene unaoleta umeme kwenye fyuzi. Na waya uletao umeme kwenye fyuzi haulindwi na fyuzi. Ukawaka mpaka ganda lake likayeyuka, zulia likashika, na kijitabu kilichokuwa kimewekwa wazi juu ya zulia kikaungua ukingo. Walizima kwa ndoo ya mchanga.

Kwa hiyo jibu la swali la mwalimu ni kwamba sentensi zilikuwa mbili, na hakuna hata moja ambayo peke yake ingechoma gari. Kama betri ingekuwa imetengwa, skrubu ingetoboa waya kimya kimya. Kama sanduku lingejulikana ni lipi, skrubu isingefika pale. Tulimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba akiwa darasani alikuwa akimkata mwanafunzi nusu alama kwa kosa la namna hiyo.

Ingefaa kuandikwaje? Hatua ya kwanza haihitaji istilahi mpya hata moja: 'Kabla ya kuanza kazi, fungua nati na uondoe kwenye betri waya wenye alama ya kutoa (–).' Neno 'hasi' ni zuri na ni sanifu, wala hatulikatai. Lakini alama ya kutoa imechorwa juu ya betri yenyewe, na mtu huisoma hata akiwa hakusoma fizikia. Ama 'kituo' kwa maana ya ncha ya betri, tungependa lisionekane tena katika maandishi ya ufundi. Karakanani husemwa 'kichwa cha betri', na kila mtu huelewa.

Yako makosa mengine ambayo tutayapitia upesi. Maelekezo ya kijitabu yameandikwa kwa ajili ya gari la Marekani, ambalo usukani wake uko kushoto. Mfasiri akaacha 'kulia' na 'kushoto' vibaki kama vilivyo, na mwalimu akaambiwa afungue kichumba kilicho 'upande wa kulia wa dashibodi', ambako kwetu hapa kuna usukani na magoti ya dereva. Dawa yake ni kusema 'upande wa dereva' na 'upande wa abiria', na mfasiri wa maandishi ya magari aifanye kuwa sheria. Vipimo navyo vimeachwa katika inchi na sehemu za inchi, wakati rula ya fundi ni ya sentimeta.

Lipo kosa moja lililotuchekesha hata mwalimu mwenyewe akacheka. Ndani ya kichumba cha mbele ya abiria kuna ganda la karatasi ngumu, ndilo hasa lililooza kwa mvua za Tukuyu, na kijitabu kinaagiza libadilishwe. Mfasiri ameliita 'bitana'. Bitana ni neno la Kiswahili safi, tena zuri, na kila mshonaji analijua: ni kile kitambaa cha ndani ya koti. Mwalimu akalitoa lile ganda lililooza, akalipeleka sokoni kwa fundi cherehani, akataka ashonewe jingine. Fundi cherehani akalishona. Tuliliona, ni la kitambaa cha drili ya kaki, lina mshono imara, na limening'inia chini ya dashibodi kama mfuko wa kangaruu. Ganda halisi la plastiki lilikuwa bado limo ndani ya boksi, halijulikani kazi yake.

Haki itendeke: mfasiri amefanya vizuri mahali kadhaa. 'Taa ya ramani' ni istilahi timamu. 'Mfuko wa mlango' vile vile, na 'kiegemeo cha mkono' kimefuata kanuni njema ya kuunda jina la kifaa kutokana na kitenzi chake. Lakini kanuni hiyo hiyo ilimponyoka alipofika kwenye kile kitundu cha kusimamishia kikombe ili chai isimwagike njiani. Amekiita 'kishikio cha kikombe'. Ndugu msomaji, mpe mtu yeyote kikombe umwulize kishikio chake kiko wapi. Ataonyesha sikio la kikombe. Fundi alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba vikombe vya Datsun vinauzwa bila masikio na kwamba masikio yameletwa pekee.

Tukirudi kwenye sanduku, tunasikitika zaidi kwa sababu Kiswahili si maskini wa majina ya mahali pa kuwekea vitu. Kasha ni kubwa, lina kifuniko, hukaa chini. Bweta, na kibweta mtoto wake, ni kidogo, cha nyaraka na vitu vya thamani. Neno hili tulilipokea zamani kutoka kwa Wareno, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imelihifadhi. Kijaluba ni kidogo zaidi, cha tambuu. Mtoto wa meza, au saraka, huvutwa nje na kurudishwa. Kidaka ni tundu lililo ukutani, halina mlango. Nyumba za mawe za pwani zimejaa zidaka. Rafu ni wazi na bapa. Susu huning'inizwa kwa kamba, chakula kisifikiwe na paka. Mkoba hubebwa. Kibindo ni pindo la nguo kiunoni, pa kutilia senti. Kila neno hapa linamwambia msikilizaji jambo kuhusu umbo la kitu na namna kinavyofunguka: kina kifuniko au hakina, huvutwa au hufunuliwa, kimesimama au kimening'inia. Maneno haya hayasemi kitu gani huwekwa ndani. Na hiyo ndiyo siri ya kudumu kwao, kwa kuwa kinachowekwa hubadilika. Mwalimu wetu havuti sigara. Kile kidroo cha majivu cha gari lake hutia sarafu. Tukikiita kwa jina la majivu leo, tunawatengenezea wajukuu wake glavu yao.

Tulipofika Tukuyu tulikuwa na orodha yetu mfukoni, na hatuna budi kukiri kwamba tulikuwa tumeipenda mno. Karakana iliipunguza. Tulipendekeza 'susu' kwa ule wavu wa kuzuia mizigo isiruke nyuma ya viti. Hakuna aliyelijua. Mwenye karakana jirani alifikiri ni jina la mtu. Wao husema 'wavu', na wavu ni wavu, tukalifuta letu. Tulipendekeza 'tandiko la kati' kwa kile kifuniko kirefu cha katikati ya viti, tukijisifu kwamba kinaukalia mgongo wa sakafu kama tandiko linavyomkalia punda. Fundi akatueleza kwa adabu kwamba tandiko, kwake, ni kitambaa cha kufunikia viti, na kwamba tukilileta hilo atashonewa jingine tena na fundi cherehani. Tukakubali 'konsoli', neno bubu, lisilodanganya. Kwa sababu hiyo hiyo tunasema 'giaboksi' na 'fyuziboksi' zibaki kama zilivyo vinywani mwa mafundi, kila moja neno moja, zisivunjwe na kufasiriwa vipande vipande. Faida yao ni kwamba haziwezi kuchanganywa na kitu kingine chochote ndani ya gari. 'Saraka' tuliliacha bila kugombana, maana limekwisha kuchukuliwa na wataalamu wa kompyuta kwa kazi nyingine.

Vyumba viwili vya nyuma ya viti vilikubaliwa mara moja kuwa 'makasha ya vifaa'. Ganda la plastiki ni 'ganda'. Boksi la karatasi ni 'boksi'. Na 'sanduku' tumelistaafisha katika kijitabu hiki kabisa, si kwa sababu ni neno baya, bali kwa sababu limefanyishwa kazi ya watu sita.

Palibaki 'kibweta' kwa kile kichumba cha mbele ya abiria, na hapo pakazuka mabishano ambayo hatukuyatazamia. Mwenzetu mmoja tuliyesafiri naye alishika kwamba neno hili ni la pwani na la zamani, na kwamba kulileta Rungwe ni kuwafundisha Wanyakyusa Kiswahili cha makumbusho. Huko Tukuyu, alisema, watu husema tu 'weka kwenye dashibodi', nao huelewana. Hoja hii ina uzito. Wengi tuliowauliza pale stendi kwa kweli hawakulijua 'kibweta'. Lakini 'dashibodi' kwa maana hiyo huleta matatizo yale yale ya sanduku: ukiandika 'ondoa skrubu nne za dashibodi', mtu mmoja atafungua kichumba, mwingine atang'oa ubao mzima pamoja na mita zake. Mazungumzo huvumilia utata kwa sababu msemaji yupo na anaweza kuonyesha kwa kidole. Kijitabu hakina kidole.

Fundi ndiye aliyemaliza ubishi kwa upande wake. Aliuliza kibweta ni nini hasa. Tukamwambia: ni kisanduku kidogo chenye kifuniko, cha kutilia karatasi zako. Akakifunua kile kichumba, akakifunga, akakifunua tena. 'Basi si ndicho hiki,' akasema. 'Tatizo ni nini?' Mwenzetu hakushawishika, na tunaandika hapa kwamba hajashawishika hadi leo.

Hatumjui mfasiri wa kijitabu, wala hatukusudii kumtafuta. Awe mtu au iwe mashine, kosa ni lile lile: alifasiri maneno ya kitu ambacho hakuwahi kukaa ndani yake. Tunawasihi wafasiri wenzetu, wanaolipwa kwa idadi ya maneno na kupewa siku mbili, kwamba pale kazi inapohusu umeme, dawa, au breki, waombe saa moja karakanani au zahanati kabla ya kuandika. Na waajiri wao wailipie saa hiyo. Nyaya mpya za gari la mwalimu zilichukua muda mrefu kupatikana, kwa kuwa gari lenyewe liliacha kutengenezwa mwaka 1973, na gharama yake ingelipa wafasiri kadhaa.

Kijitabu tumekisahihisha chote na kukirudisha Tukuyu pamoja na nakala ya pili kwa ajili ya fundi. Tumepata habari kwamba ameukata ukurasa wa saba na kuubandika ukutani, juu ya benchi la kazi, akaiandika upya hatua ya kwanza kwa wino mzito na kuongeza maneno yake mwenyewe: 'KICHWA CHA KUTOA KWANZA'. Mfuko wa drili uko palepale chini ya dashibodi. Mwalimu ameukataa ushauri wa kuuondoa, kwa kuwa sasa ndimo anamoweka miwani.

Istilahi moja hatukuifikia. Kile kitundu cha kikombe bado hakina jina. 'Kishikio' tumekwisha kulikataa. 'Tundu la kikombe' litamfanya mtu adhani kikombe kimetoboka. 'Kikalio cha kikombe' lilipendekezwa na mwalimu, na fundi alicheka kiasi cha kutufanya tusite. Wasomaji, hasa walio karibu na karakana, wenye jina wanalolisikia likitumika kweli, watuandikie, wakitaja na mahali walipolisikia.